Bibi Harusi Unayehamia Mbali, Picha Zako Nazo Zinataka Stara



Kila ukiingia Mfunguo Mosi duka letu hujaa. Bibi harusi anakuja kujaribu gauni mara ya mwisho, tunamtia pini kiunoni, tunamuuliza kwa mazungumzo tu, "Fungate mnakwenda wapi?" Siku hizi wengi hawatutajii hoteli. Wanatujibu, "Mimi nahama." Mmoja anamfuata mume Muscat, mwengine Doha, mwengine London, mwengine Toronto. Na wote sanduku lao wanalijua kwa moyo: udi na chetezo, mabaibui mapya, kanga za mama, viungo vya pilau, singo iliyosagwa nyumbani, mafuta ya nazi yaliyofungwa vizuri yasimwagike.

Kisha tunauliza, "Na picha za harusi je?"

"Zimo kwenye simu."

Hapo huwa tunaweka sindano chini. Maana hizo "zimo kwenye simu" ni picha za kupamba. Kichwa wazi, nywele zimetengenezwa, mikono ina hina na piko mpaka kwenye viwiko, shangazi wanacheza, mama amevua mtandio kwa furaha. Ukumbini tuliweka mtu mlangoni wa kukusanya simu za wageni ili zisitoke. Mpiga picha tulimtafuta mwanamke makusudi. Halafu, baada ya juhudi yote hiyo, picha zenyewe zinawekwa kwenye simu moja inayokwenda kuzunguka viwanja vya ndege vitatu.

Maoni yetu ni haya, na tutayaeleza kwa nini. Bibi harusi anayehama anahitaji diski yake mwenyewe ya kubebeka, yenye kufuli, na nakala ya pili aiache kwa mtu wake. Gharama yake iwekwe kwenye bajeti ya harusi tangu mwanzo, kama vile tunavyoweka ya gauni na ukumbi.

Yaliyotupata sisi

Hatusemi haya kwa kuwa tunajua sana kompyuta. Tunajua cherehani. Tunasema kwa sababu tulikosea, na kosa letu liliwaumiza watu.

Mwaka 2019 tulifunga safari ya miezi 3 ya kutafuta vitambaa. Tulianza Dubai, tukaenda Guangzhou kwenye soko la vitambaa la Zhongda, tukarudi kupitia Muscat. Tulibeba hadi diski moja, ile ya kawaida yenye waya. Ndani yake mlikuwa na michoro yetu yote, vipimo vya wateja, na picha za mabibi harusi watatu waliotuomba tuwatengenezee albamu nje. Haikuwa na neno la siri. Haikuwa na nakala. Wala hatukuliwazia hilo.

Usiku mmoja hotelini Guangzhou mguu ulinasa kwenye waya, diski ikaanguka kutoka mezani hali ya kuwa inafanya kazi. Tulipoichomeka tena ikawa inalia tik, tik, tik, na kompyuta haiioni. Tulipofika Muscat tukampelekea fundi. Hakutuficha. Alisema vya ndani vimeharibika, aachiwe kwa wiki moja aifungue, na akifanikiwa itabidi azifungue picha moja moja aone kama zimepona.

Picha za kupamba. Moja moja. Mwanamme tusiyemjua.

Ikabidi tuwapigie simu wenyewe. Wa kwanza alisema, "Msimpe mtu, bora zipotee." Wa pili aliomba muda amuulize mume, na mume akakataa. Wa tatu alinyamaza mpaka tukadhani simu imekatika. Mama yake alifariki miezi minne baada ya harusi ile, na picha za mwisho za mama akiwa mzima, akicheka, zilikuwa humo. Flashi yake yeye ilipotea kwenye kuhama, akawa ametulia kwa kujua kwamba sisi tunazo. Mwisho akasema, "Mpeni. Mimi nataka sura ya mama yangu."

Diski ni moja. Fundi hawezi kumfungulia mmoja akawafungia wawili. Hatukuiacha. Tulirudi nayo Unguja, na mpaka leo imo kabatini, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa, tukisubiri siku tutakayompata fundi mwanamke wa kazi hiyo na ridhaa ya wote watatu. Yule dada ametusamehe, Allah amlipe kheri. Lakini kila akija kushona, sisi ndio tunaoinamisha macho.

Katika wale watatu hakuna aliyekosea. Anayelinda stara yake yuko sawa, na anayelilia mama yake yuko sawa. Waliokosea ni sisi tuliowafikisha mahali pa kuchagua. Kwa hiyo tukiulizwa leo chombo kizuri cha kuhifadhia picha ni kipi, jibu letu linaanzia hapo: ni kile ambacho hakitakulazimisha uchague baina ya picha zako na stara yako.

"Lakini mimi naziweka mtandaoni"

Hili ndilo jibu tunalolipata mara nyingi, na si baya. Hifadhi ya mtandaoni ina faida: simu ikiibiwa, picha zipo. Lakini kwa anayehama kwa muda mrefu, peke yake haitoshi.

Kwanza, nafasi. Tangu tarehe 1 Juni 2021 Google Photos haitoi tena hifadhi ya picha ya bure isiyo na kikomo. Unapata gigabaiti 15, na ndani yake humo humo zimo barua pepe zako na faili zako nyengine. iCloud ya Apple inatoa gigabaiti 5 za bure. Harusi moja inamaliza zote hizo. Ukilipia kila mwezi ni sawa, ila siku kadi ikigoma au umesahau kulipa, mashaka yanaanza.

Pili, ufunguo. Akaunti nyingi zimefunguliwa kwa laini ya hapa nyumbani. Ukihama, laini isipotumika hufungwa. Siku unataka kuingia kwa simu mpya, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini usiyokuwa nayo tena. Na Google wana utaratibu kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Tatu, nchi. China huduma za Google zimefungiwa. Tulipokuwa Guangzhou simu zetu hazikupandisha hata picha moja, na wengi wanaokwenda kwa mara ya kwanza hawalijui hilo mpaka wafike.

Nne, na kwetu hili ndilo kubwa, macho. Akaunti uliyoifungua kwenye simu yako imefunguliwa pia kwenye tableti ya mtoto, kwenye laptopu ya nyumbani, pengine kwenye televisheni ya sebuleni. Umekaa na wageni, shemeji yupo, mtoto anabonyeza, picha ya kupamba inajaza ukuta. Aya ya 31 ya Surat An-Nur imewataja kwa orodha wale ambao mwanamke anaruhusiwa kuwaonesha mapambo yake. Shemeji hayumo kwenye orodha hiyo, na televisheni haijui nani yumo na nani hayumo.

Basi chombo gani?

Tuvitazame kimoja kimoja, kama tunavyotazama kitambaa kabla ya kukata.

Flashi na memori kadi. Ni rahisi, na vinafaa kupelekea picha kwa mtengeneza albamu ukarudi navyo. Si vya kuishi navyo. Ni vidogo, vinapotea kwenye pochi pamoja na pini na risiti. Na jihadharini na flashi zinazoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya sahani ya biriani. Hizo huwa zimedanganywa ndani yake zijitangaze kubwa. Utazijaza, zitakubali, kumbe picha mpya zinafuta za zamani. Ukitaka kuhakikisha kwenye kompyuta ya Windows, ipo programu ya bure inayoitwa H2testw, inaijaza flashi nzima kisha inakwambia ukweli.

Hadi diski ya kubebeka. Hii ndiyo iliyotuangukia sisi. Ndani yake mna sahani zinazozunguka kwa kasi, na kichwa kidogo kinachosoma kikiwa karibu mno na sahani. Ikianguka inapozunguka, kichwa hugonga sahani, na ndiyo ile tik tik. Uzuri wake ni bei: kwa pesa ile ile unapata nafasi kubwa. Kwetu sisi hii ni diski ya kukaa kabatini. Safari si yake.

SSD ya kubebeka. Haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo kuanguka hakuitishi kama ile. Ni ndogo, nyengine ni kama kadi ya benki kwa upana, inaingia kwenye mfuko wa ndani wa baibui. Ni ghali kuliko hadi diski ya ukubwa ule ule. Lakini tumeona mabibi harusi wakilipia maua ya jukwaa ya usiku mmoja pesa inayonunua SSD na chenji ikabaki. Maua asubuhi yanatupwa. Kwa anayesafiri, sisi tunasema SSD.

Na huhitaji laptopu. Simu nyingi za Android zenye tundu la USB-C zinasoma SSD moja kwa moja kwa waya, na iPhone nazo, kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023, zina tundu hilo. Unachomeka, unahamisha, unahakikisha zimefunguka, kisha unafuta kwenye simu. Muulize tu muuzaji akufanyie muundo wa exFAT, ndio unaosomeka kwenye Windows na kwenye kompyuta za Apple pia. Diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya Apple pekee utaichomeka kwenye Windows na haitakuonesha kitu, ukadhani imekufa.

Ukubwa je?

Msinunue kwa kukisia. Picha moja iliyokamilika kutoka kwenye kamera nzuri huwa kama megabaiti 8 mpaka 10. Picha 1,500 za harusi ni gigabaiti 12 mpaka 15. Kinachokula nafasi ni video: saa moja ya video ya 4K kutoka kwenye kamera inaweza kufika gigabaiti 45. Kwa hiyo harusi nzima na video zake huwa karibu na gigabaiti 100. Diski ya terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000. Ndani yake mtaingia harusi, safari, mimba ya kwanza, aqiqa, na miaka kadhaa ya watoto.

Jambo jengine: ombeni faili zenyewe kutoka kwa mpiga picha, msikubali za kutumiwa kwa WhatsApp. WhatsApp inazipunguza picha ili ziende haraka. Kwenye simu zinapendeza, ukizichapisha kwa albamu kubwa zinatoka na ukungu. Na mwambieni mpiga picha, kwa adabu na kwa maandishi kabla ya harusi, afute za kwake akishakabidhi na nyinyi mkishahakikisha zimefunguka.

Kufuli kwanza, rangi baadaye

Ukienda dukani muuzaji atakuonesha rangi na kasi. Wewe uliza: ina neno la siri? Zipo SSD ambazo kufuli limo ndani ya diski yenyewe, kwa mfano Samsung T7, na ipo T7 Touch inayofunguka kwa alama ya kidole. Ukiipoteza kwenye teksi, atakayeiokota ataikuta imefungwa. Hata katika hadi diski za kukaa nyumbani, zipo kama WD My Passport zenye neno la siri. Kufuli hilo haliji limefungwa kutoka dukani, ni lazima uliwashe mwenyewe kwa programu yake. Na ukishaliwasha, kwanza jaribu kama linafunguka kwenye simu yako na kwenye laptopu yako kabla ya kuhamisha kitu.

Tahadhari moja: neno hilo la siri ukilisahau, duka halitakusaidia. Unachoweza kufanya ni kuirudisha diski ikawa mpya, na picha zote zimekwenda. Kwa hiyo liandike kwenye karatasi, na karatasi isikae kwenye mkoba mmoja na diski.

Nakala mbili, nyumba mbili

Wapiga picha wana kanuni yao: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe mahali pengine mbali. Sisi tunamrahisishia bibi harusi. SSD yenye kufuli isafiri naye. Hadi diski yenye kufuli ibaki kwa mama, au kwa dada anayeaminika, ndani ya kabati lenye ufunguo. Ya tatu ni albamu yenyewe ya karatasi, ambayo bibi zetu waliitunza ndani ya sanduku la mbao, na hakuna aliyewahi kuisahau neno lake la siri.

Ya kwa mama isiachwe imechomekwa kwenye kompyuta. Waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulipokaa miezi 3 bila ya umeme, wanajua habari za umeme wetu, na hata leo ukikatika na kurudi kwa nguvu unaunguza vitu. Unyevu wa bahari nao hula vyuma. Itie kwenye mfuko wa kufunga pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya. Msivitupe.

Na ya safarini isilale miaka. SSD ikikaa muda mrefu mno bila ya umeme inaweza kupoteza kilichomo. Ichomeke walau mara mbili kwa mwaka, fungua picha chache, furahi kidogo, rudisha.

Njiani

Diski ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye sanduku linalokabidhiwa. Mashine za kukagulia mizigo uwanjani haziiharibu, msihofu. Kwenye boti ya Dar itie kwenye mfuko usiopitisha maji. Na kwa wanaohamia Ghuba, msiiache ndani ya gari. Muscat wakati wa joto nje ni zaidi ya nyuzi 40, na ndani ya gari lililofungwa ni zaidi ya hapo.

Watakaosema

Wapo watakaosema, "Si bora msipige picha kabisa?" Tunawaheshimu. Maulamaa wamezungumza kuhusu picha na wamehitilafiana, na sisi si wa kutoa fatwa. Tunachosema ni kwamba ukishazipiga, zimekuwa amana. Si yako peke yako. Humo mna nywele za wifi yako, mikono ya somo wako, mama yako akicheza. Wao walivua mitandio yao kwa kukuamini wewe.

Wapo watakaosema mume ataziweka. Ni kweli wewe ni halali yake, lakini kumbuka kwamba mashoga zako na mashangazi zako si mahram wake. Diski hii iwe yako, na yeye muoneshe zako mwenyewe.

Na la mwisho ambalo hatupendi kulisema kwenye habari za harusi: mauti. Ukiondoka leo, nani atalifungua lile kufuli? Mtu mmoja, mwanamke, mcha Mungu, ajue karatasi ya neno la siri iko wapi, na ajue unataka nini: zipi apewe binti yako, zipi zifutwe. Liandike kwenye wasia wako pamoja na madeni na amana nyengine. Lina nafasi yake hapo.

Sisi sasa kila mteja akituachia picha, tunaweka nakala mbili zilizofungwa, na akishachukua albamu yake tunazifuta mbele ya macho yake. Tumechelewa kujifunza, na kuna dada mmoja aliyelipia darasa letu.

Kwa hiyo bibi harusi wetu, ukija kujaribu gauni, njoo na jibu lako. Tukikuuliza "Na picha?", tutafurahi kusikia, "Moja ninayo, moja kwa mama, na zote zimefungwa."

Allah azijaalie ndoa zenu heri na baraka, awafikishe salama huko mnakohamia, na atuhifadhie stara zetu duniani na akhera. Aamin.